Aliyepewa Hongera kwa Mawazo: Mbadili Njia wa Tabora Aliyerudisha Barua ya Daktari

TABORA — Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, umande ungali kwenye mataruma, Damas Lugembe anatembea katikati ya reli nje kidogo ya stesheni. Amevaa kaptula ya kaki na koti la buluu lenye kiraka kwenye kiwiko. Mkono mmoja una bendera ya kijani, mwingine kopo la mafuta.

Gari moshi la Mwanza linatarajiwa wakati wowote. Damas anafika kwenye mkono wa chuma wa kubadilia njia, anaushika kwa mikono miwili na kuusukuma kwa nguvu za kiuno. Reli zinasogea na kugongana. Anachomeka pini, anafunga kufuli, analivuta kuona kama limeshika, kisha anageuka na kuondoka.

Baada ya hatua kama ishirini anasimama. Masolwa, mwenzake wa zamu ya mchana, amewahi kufika na amekaa juu ya rundo la mataruma akitafuna muhogo wa kuchoma.

"Kaka Damas," anamwuliza, "leo mara ngapi?"

"Moja."

Anarudi, analivuta kufuli mara moja, anaondoka tena. Safari hii hageuki. Gari moshi linapiga king'ora, linapinda taratibu na kuingia kwenye njia yake, na Damas amekwisha kaa kando ya Masolwa akimega muhogo wa watu bila kuomba.

Msomaji atasema, basi mtu kuvuta kufuli mara moja nalo ni jambo la kuandikwa gazetini? Ni jambo. Mwaka jana, mwezi kama huu, Damas alikuwa akirudi kwenye kufuli hilo mara tisa kwa kila gari moshi. Siku za mvua mara kumi na moja.

"Ungeniambia siku ile kwamba iko siku nitarudi mara moja halafu nikale muhogo, ningedhani unanidhihaki," anasema, na anacheka kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

Damas ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni Mnyamwezi, Mkatoliki, baba wa watoto watatu, na anakaa Gongoni katika nyumba ya vyumba viwili. Mshahara wake ni shilingi tisini na mbili kwa mwezi. Amebadili njia za reli kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hajawahi kulipeleka gari moshi hata moja kusikotakiwa.

Mtu mwingine angejivunia hesabu hiyo. Damas ilimtisha.

"Nilikuwa nikijiambia, miaka yote hii hujakosea, basi kosa lako lingali njiani linakuja," anasema.

Anaikumbuka siku ilipoanza. Ilikuwa mwaka 1951, adhuhuri ya kawaida kabisa. Alikuwa nyumbani amekaa na mkewe, Apolinaria, mbele yao ugali na mlenda. Tonge likiwa mkononi, moyo ukamwuliza: Damas, una hakika umefunga? Aliweka tonge chini, akakimbia maili nzima hadi stesheni. Kufuli lilikuwa limefungwa kama alivyoliacha.

Alirudi nyumbani, ugali umepoa. Kesho yake moyo ukamwuliza tena.

Mwanzoni alijitafutia dawa mwenyewe. Babu yake alikuwa mpagazi enzi za misafara, mmoja wa vijana waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji hadi Bagamoyo kwa njia hii hii ambayo sasa imelaliwa na reli. Wapagazi walikuwa na desturi ya kufunga fundo kwenye kamba kila siku ya safari, ili mtu asipoteze hesabu. Damas akachukua kamba ya katani, akawa anapiga fundo kila anapofunga kufuli. Moyo ukiuliza, anapapasa mfukoni na kuhesabu mafundo.

"Ilinisaidia wiki tatu," anasema. "Baadaye nikaanza kuyashuku mafundo. Najiuliza, hili nimelifunga leo au jana? Sasa nikawa na kazi mbili, kurudi kwenye kufuli na kurudi kwenye kamba."

Mjini hapa jambo la namna hiyo halifichiki. Wapakiaji mizigo walimpa jina, Bwana Rudi. Alilichukua kwa ucheshi, maana hakuwa na njia nyingine. Kilichomkosesha usingizi ni neno moja ambalo watu hulitamka kwa kunong'ona: Dodoma. Huku kwetu ukisema fulani amepelekwa Dodoma, hakuna anayeuliza amekwenda kufanya nini. Ndiko iliko hospitali ya wenye wazimu.

Mwezi wa Julai mwaka jana stesheni masta alimwita ofisini. Alikuwa amemwona kwa macho yake akienda na kurudi mara saba huku gari moshi la Kigoma limesimama linasubiri bendera. Hakufoka. Alimwambia alete barua ya daktari kabla mwezi haujaisha, ya kuthibitisha kwamba anafaa kubaki kwenye njia. Asipoileta, atahamishiwa kwenye kupakua mizigo kwa shilingi arobaini na tano.

"Flavia yuko shule ya bweni kwa masista, na wadogo zake wawili wako shule," anasema Apolinaria. "Nusu ya mshahara ikiondoka, wa kwanza kurudi nyumbani ni Flavia. Hilo tulilijua wote wawili, na hakuna aliyelisema."

Kwenda hospitali Damas aliogopa. Alihofia kwamba akishamweleza daktari ukweli, ataandikiwa Dodoma papo hapo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, padri alisoma tangazo. Daktari mmoja kutoka Ulaya, Daktari Tolworth, amepanga nyumba ya mabati nyuma ya soko. Hatibu homa wala vidonda. Anachunguza magonjwa ya moyo usiotulia na huzuni isiyokwisha, na anahitaji watu wazima watakaojitolea kujibu maswali yake. Majina hayataandikwa, kila mtu atapewa namba. Atakayemaliza maswali yote atapata ratili moja ya sukari.

Uvumi ulikuwa umeshamtangulia. Wengine walisema huyu ni mumiani, anatafuta damu, na sukari ni chambo tu. Waliomjua zaidi walimwita Bwana Maswali.

Damas alipotangaza nyumbani kwamba atakwenda, Apolinaria alimwuliza swali moja.

"Baba Flavia, umejitolea au umejitoa?"

"Nimejitolea, Mama Flavia. Nikiona sindano natoka mbio."

Hapakuwa na sindano. Palikuwa na meza, viti viwili, saa ya mfukoni na daftari la buluu. Barazani alikaa karani, Hilari, kijana Mmoravian wa Sikonge, ambaye kazi yake ilikuwa kugawa namba na kupiga taipu. Ndani hakuruhusiwa. Daktari aliamini kwamba mtu hawezi kufungua moyo mbele ya mkalimani, kwa hiyo alijifunza Kiswahili kwa vitabu melini na maswali akayaandika mwenyewe. Nia yake ilikuwa njema kabisa, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Damas alikuwa namba arobaini na moja. Daktari alimhesabia mapigo ya moyo, akafungua daftari.

"Wewe una wasiwasi?" aliuliza.

Damas akadhani anaulizwa kama ana shaka na daktari mwenyewe, au na ile sukari. Adabu ikamwongoza.

"Hapana, bwana daktari. Sina wasiwasi kabisa."

"Vizuri. Na mawazo? Una mawazo?"

 Damas alijua kwamba sasa ameulizwa swali lenyewe. Alifikiri habari za Flavia, akafikiri Dodoma, kisha akasema kweli, kwa sababu alikuwa amechoka kuificha.

"Ninayo, bwana daktari. Mengi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata kulala hayaniachi. Nikiwa kazini ninayo, nikiwa kanisani ninayo."

Daktari aliandika kwa haraka, uso umemkunjuka. Alipomaliza aliinuka na kumshika mkono.

"Hongera," alisema. "Hongera sana. Watu wengi hawana."

Damas alitoka na ratili yake ya sukari, kichwa kikimzunguka. Njia nzima alijiuliza labda kwa Wazungu mtu mwenye mawazo hupongezwa, kama sisi tunavyompongeza aliyejifungua.

Siku tatu baadaye alirudi kuomba ile barua ya kazini. Daktari alimpa bila ubishi. Hilari aliipiga taipu kwa Kiingereza, na Damas alipomwomba amsomee, alimfasiria pale barazani: huyu ni mtu mwenye akili timamu, mtulivu, mwenye fikra nyingi kuliko kawaida, anafaa kwa kazi yoyote ya dhamana.

"Mwenye nini?" Damas aliuliza.

"Fikra nyingi. Ndivyo daktari anavyosema, wewe ni mtu wa mawazo mengi."

Hapo ndipo alipoelewa. Kitabu cha daktari kilisema mawazo ni fikra, na kweli ni fikra. Lakini mtu yeyote wa Tabora, ukimwambia fulani ana mawazo, hatauliza anawaza nini. Atauliza amepatwa na nini.

Damas aliikunja barua, akaipeleka kwa stesheni masta siku ile ile. Stesheni masta aliisoma mara mbili, akaipiga muhuri wa kupokelewa na kumrudishia aitunze. Suala likaishia hapo. Flavia atabaki shule na Dodoma itabaki Dodoma.

"Nilifurahi, sitaki kukudanganya," anasema. "Nilijiambia, Mungu amenitazama. Kosa ni la daktari, mimi nimesema kweli tupu. Dhambi yangu iko wapi?"

Dhambi yake alikutana nayo wiki iliyofuata, imekaa kwenye benchi la barazani kwa Bwana Maswali.

Alikuwa amepita kumpelekea Hilari asali aliyomwahidi. Kwenye benchi alimkuta Bi Batuli, mama muuza vitumbua wa pale stesheni, anayejulikana na kila abiria wa daraja la tatu. Mvua za masika Bi Batuli alimzika binti yake wa pekee, na tangu hapo vitumbua vyake vilipungua kutoka sinia mbili hadi moja, na kutoka moja hadi nusu. Alikuwa ameshika pakiti ya sukari mapajani na kuitazama kama mtu aliyepewa mtoto asiye wake.

"Bi Batuli, nawe umejitolea?"

"Nimejitolea, Baba Flavia. Shoga yangu aliniambia huyu anatibu mioyo." Aliigeuza ile pakiti. "Nimemwambia nina mawazo, karibu yataniua. Amenipa hongera."

Damas aliketi kando yake.

"Kaniambia mwanamke mwenye mawazo kama mimi angefaa kuwafundisha wenzake. Niwafundishe nini, Baba Flavia? Kufiwa?"

Damas angeweza kuingia ndani saa ile ile. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka alipo. Lakini aliona mbali. Akimweleza daktari maana ya mawazo kwa Bi Batuli, atakuwa amemweleza maana ya mawazo kwa namba arobaini na moja, na barua ile itakuwa karatasi ya kufungia vitumbua. Alimpa Bi Batuli pole, akamsindikiza hadi Gongoni, akaenda zake kazini.

Alikaa kimya siku kumi na sita. Anazitaja kwa hesabu kamili, hakuhitaji kamba.

Siku hizo alirudi kwenye kufuli kuliko wakati wowote. Siku ya kumi na nne Bi Batuli hakuonekana stesheni. Ya kumi na tano hakuonekana tena. Ya kumi na sita Damas alipitia kwake, akamkuta amelala kifudifudi mchana kweupe, jiko baridi, mlango haukukomewa. Jirani yake alisema hajala tangu juzi.

"Nilimtazama, nikaona aibu," anasema Damas. "Sikuona huruma kwanza. Niliona aibu, maana mimi nilikuwa na dawa yake mfukoni nimeikunja."

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Saa tatu asubuhi, akiwa ametoka zamu, aliingia kwa Daktari Tolworth bila namba. Aliweka barua mezani.

"Shikamoo, bwana daktari. Barua hii si yangu."

"Jina lako limo."

"Jina ni langu. Maneno si yangu." Hilari alikuwa amesimama mlangoni bila ruhusa, lakini Damas aliendelea. "Bwana daktari, mawazo si fikra. Mtu akikwambia ana mawazo, anakwambia ana mzigo. Mimi nilikwambia ninaumwa, ukanipa hongera. Bi Batuli alikwambia anakufa, ukampa hongera. Sasa yuko kwake hali chakula."

Daktari alimtazama Hilari. Hilari akatikisa kichwa kukubali.

"Na wasiwasi?" daktari aliuliza polepole.

"Tulidhani unauliza kama tunakushuku. Ni adabu kusema hapana."

Daktari alifungua daftari la buluu, akalipekua ukurasa kwa ukurasa. Watu sitini na watatu walikuwa wamejitolea kufikia siku ile, na karibu wote walikuwa hawana wasiwasi na wana mawazo mengi. Alikuwa amekwisha anza kuandika barua kwao Ulaya, kwamba amegundua mji ambao watu wake ni watulivu na wenye fikra kuliko watu wote aliopata kuwachunguza.

"Karatasi sitini na tatu za uongo," alisema.

"Si uongo, bwana daktari," Damas alimjibu, na anakiri kwamba hajui ujasiri ule aliutoa wapi. "Watu wamekwambia kweli. Wewe ndiye uliyesikia vingine."

Mzungu huyo alilifunga daftari. Kisha akavuta kiti, akamwomba Damas akae, na kwa mara ya kwanza akamwambia Hilari aingie naye akae.

Damas alieleza yote: tonge la ugali, maili moja ya mbio, kufuli, kamba ya mafundo. Daktari hakuandika kitu. Mwishoni Damas akatoa lile lililokuwa limemkaba miaka minne.

"Nitapelekwa Dodoma?"

"Umewahi kuona kitu ambacho hakipo?"

"Hapana."

"Unapoondoka kwenye kufuli, unajua kwamba umelifunga?"

"Najua."

"Basi kwa nini unarudi?"

Damas alifikiri. "Mimi najua, bwana daktari. Moyo ndio haujui."

Daktari akasema huo si wazimu. Mwenye wazimu hawezi kusema maneno hayo. Ni ugonjwa, una jina lake kwao, na watu wengi wanao, wakubwa kwa wadogo. Mama yake mwenyewe alikuwa hawezi kutoka nyumbani bila kurudi mara nne kutazama kama jiko limezimwa, na aliishi miaka themanini bila kuunguza hata pazia.

Damas alilia. Anasema hivyo bila kuona haya, na mkewe akisikia. Alilia kwa furaha, mtu mzima mbele ya Mzungu na karani, hadi Hilari akamletea maji.

Jioni ile daktari alikwenda kwa Bi Batuli kwa miguu, Hilari akiwa mkalimani. Wiki nzima iliyofuata nyumba ya mabati ilifungwa kwa wageni. Ndani walikaa daktari, Hilari, Damas akitoka zamu, na Bi Batuli alipopata nguvu, wakiyaandika maswali upya. Lile la wasiwasi likafutwa. Mahali pake Bi Batuli akasema aulizwe mtu kama chakula kinapita kooni. Damas akatoa la kwake: kuna jambo ulilokwisha kulimaliza ambalo bado linakuita? Hilari akaweka mengine kwa Kinyamwezi, kwa ajili ya wazee wa vijijini.

Wale sitini na watatu waliombwa kurudi. Hamsini na wanane walirudi. Wengine kwa ajili ya ratili ya pili, anasema Hilari, lakini walirudi. Safari hii ishirini na tisa walionekana wana mioyo isiyotulia au huzuni nzito.

"Ishirini na tisa," Damas anarudia. "Na mimi nilidhani niko peke yangu Tabora nzima."

Tiba haikuwa sindano wala kidonge. Kila Jumatano Damas aliketi na daktari, wakakubaliana idadi. Wiki hii utarudi mara nane, si tisa, na ile ya tisa utakaa uione hofu ikija na ikiondoka. Wiki nyingine saba. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kusukuma chuma. Zipo siku alishika taruma kwa mikono miwili ili asiinuke, na Masolwa akimsimulia hadithi za uongo kumshikilia.

Ilibaki barua. Daktari alimwambia yuko huru. Ile ya kwanza, aliyomrudishia, imekwisha pokelewa kazini, na siri ya namba arobaini na moja haitatoka. Akitaka, ataandikiwa nyingine ya kweli, inayosema ana ugonjwa wa moyo usiotulia, anatibiwa, na anafaa kazi. Kuipeleka au kutoipeleka ni juu yake.

"Nilimwuliza Mama Flavia," anasema Damas. "Akaniambia, mume wangu, kwa unavyojijua, utaweza kulala na barua mbili ndani ya nyumba?"

Hangeweza. Aliichukua ile ya kweli, akagonga mlango wa stesheni masta.

Stesheni masta ni Mgoa mpole, mwenye miwani na sauti ya chini. Amekubali habari hizi ziandikwe, ila ameomba jina lake lisitajwe. Aliisoma barua amesimama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa na kuisoma tena.

"Nilikwisha pokea barua," alisema.

"Ile haikuwa yangu, bwana. Hii ndiyo yangu."

Damas alikuwa amejiandaa kusikia neno mizigo. Badala yake stesheni masta alikwenda kufunga mlango.

"Kwa daktari unakwenda siku gani?"

"Jumatano, bwana."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Mimi saa kumi jioni," alisema stesheni masta. "Ndiyo maana hatujakutana."

Yeye aliulizwa kwa Kiingereza, kwa hiyo hakupewa hongera.

Damas alibaki kwenye njia. Ilikubaliwa tu kwamba kwa miezi mitatu Masolwa awe anathibitisha kila anapofunga, na miezi hiyo imepita zamani. Daktari Tolworth alirudi Ulaya mwezi wa Mei na daftari jipya. Katika ukurasa wa mwanzo aliandika shukrani kwa namba arobaini na moja, na Hilari ameuona kwa macho yake. Bi Batuli amerudi stesheni na sinia moja iliyojaa. Mawazo hayajamwisha, anasema, lakini sasa watu wakimwuliza anawajibu, na chakula kinapita.

Nyumba ya mabati haijafungwa. Hilari ameanza masomo ya uganga hospitalini, na kila Jumatano hufungua barazani kwa wale wanaotaka kuja kuzungumza. Sukari hakuna tena. Damas huja kama anavyokuja mwenyeji, na akiona mgeni anasitasita mlangoni, humpisha kwenye benchi na kumwambia asiogope, hapa hata akisema ana mawazo ataeleweka.

Juma lijalo Damas anachukua likizo. Ni ya kwanza tangu mwaka 1951, kwa kuwa miaka yote hiyo hakuthubutu kumwachia mtu mwingine kufuli lile. Ameomba siku kumi na nne. Yeye na Apolinaria watapanda lori hadi Sikonge kwa mama mkwe, kula asali mpya ya msimu na kutofanya lolote. Njia itakuwa mikononi mwa Masolwa, usiku na mchana, pamoja na kibarua wa kumsaidia.

Mwandishi wa habari hizi alimwuliza kama ana hakika ataweza kukaa huko siku zote kumi na nne. Apolinaria alitazama pembeni. 

"Moyo utaniuliza, naujua," alisema Damas. "Utanikuta nimekaa na mkwe wangu, utaniuliza, Damas, umefunga? Nitaujibu: kamwulize Masolwa."